Filamu za Noeli, Swali Moja kwa Kila Filamu: Mwongozo kwa Wapenzi wa Sinema wa Butembo na Beni

Kuanzia tarehe 20 Desemba hadi Bonane, yaani Mwaka Mpya, nyumba za Butembo na Beni hujaa watu. Wanafunzi wamerudi, ndugu walio mbali wamefika, na jioni kuna mtu atakayechomeka flashi kwenye televisheni. Mara nyingi kinachofuata ni filamu ileile ya mwaka jana: theluji, zawadi, na mzee mwenye ndevu nyeupe. Siku hizi zinaweza kutumika vizuri zaidi. Mwongozo huu unakuelekeza jinsi ya kukusanya watu ishirini au thelathini, kuwaonyesha filamu za sikukuu wasizozitarajia, kisha kuzungumza nao kwa msaada wa nadharia ya filamu inayofundishwa vyuoni. Huhitaji ukumbi wa sinema wala shahada. Unahitaji chumba, umeme wa saa tatu, na swali zuri.

1. Elewa kwanza ugomvi juu ya nadharia

Wapenzi wa filamu hawasemi kitu kimoja kuhusu nadharia. Mmoja atakuambia kwamba inaua utamu: mtu amelia mbele ya picha, halafu anakuja msomi kumweleza kwa maneno magumu kwa nini hakupaswa kulia. Mwingine atajibu kwamba mtazamaji asiyejiuliza chochote humeza kila anacholishwa. Hata maprofesa wamegombana. Mwaka 1996 Wamarekani David Bordwell na Noël Carroll walitoa kitabu *Post-Theory*, wakidai kwamba nadharia kubwakubwa zilikuwa zimegeuka kama dini, na kwamba ni afadhali kuuliza maswali madogo yanayoweza kujibiwa kwa kuitazama filamu yenyewe. Shika ushauri huo, utakufaa.

Kumbuka pia nadharia ilikotoka. André Bazin, Mfaransa aliyeshiriki kuanzisha jarida la *Cahiers du cinéma* mwaka 1951, hakuwa profesa. Aliendesha klabu ya filamu Paris wakati mji ule uko chini ya jeshi la Ujerumani, na baada ya vita akawapelekea wafanyakazi filamu na kujadiliana nao. Huko Argentina, mwaka 1968, Fernando Solanas na Octavio Getino walimaliza *La hora de los hornos*, filamu ya zaidi ya saa nne iliyoonyeshwa kwa siri katika nyumba za watu, huku ikisimamishwa katikati ili waliopo wajadiliane. Mwaka uliofuata wakaandika walichojifunza, na maandishi hayo yanasomwa vyuoni hadi leo. Kwa hiyo usiiogope nadharia kana kwamba ni mali ya chuo. Sehemu kubwa ya nadharia bora ilizaliwa kwenye mazungumzo kama haya unayotaka kuyaandaa.

Nadharia inaweza pia kukosea vibaya. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walitengeneza filamu fupi za mafunzo huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, kwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Baadaye William Sellers wa Colonial Film Unit, idara iliyoundwa mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, hivyo atengenezewe filamu za polepole. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye banda la video akaona vijana wakifuata filamu ya mapigano ya Hong Kong bila kupotea hata mara moja anajua kwamba wazo hilo ni uongo. Kutokana na hayo, chukua kanuni mbili. Filamu itangulie, swali lifuate, na swali liwe moja tu kwa kila filamu. Na nadharia yoyote ipimwe na macho ya watu waliomo chumbani. Ikishindwa mbele yao, iache.

2. Chagua filamu sita

Tafuta filamu za aina mbili: zinazotokea wakati wa Noeli lakini hazijali zawadi na theluji, na zinazozungumzia kuzaliwa, kurudi nyumbani au kupatana hata kama Noeli haitajwi. Ziulizie kwa jina la Kifaransa, maana ndilo wanalolijua wanaonakili filamu mjini.

*L'Évangile selon saint Matthieu* ya Pier Paolo Pasolini, 1964. Anza na hii. Ni Injili nzima kwa nyeusi na nyeupe, iliyopigwa kusini mwa Italia na mtu asiyekuwa na dini, ikiigizwa na watu wa kawaida. Yesu ameigizwa na mwanafunzi kutoka Hispania. Ndani yake mtasikia Gloria ya *Missa Luba*, ile misa iliyoimbwa kwa mitindo ya Kongo huko Kamina, Katanga, chini ya padri Guido Haazen, ikarekodiwa mwaka 1958. Sauti za Wakongo zimo katika mojawapo ya filamu za Yesu zinazoheshimiwa zaidi duniani, na wengi wetu hatujui. Swali: muziki unaongeza nini juu ya picha? Sauti hizo zikiingia, simamisha, rudisha nyuma, tazameni tena bila sauti, kisha mara ya tatu kwa sauti.

*Joyeux Noël* ya Christian Carion, 2005. Inasimulia usiku wa Noeli wa 1914, askari wa Ufaransa, Uskoti na Ujerumani walipotoka mahandakini wakaimba pamoja. Kwa watu walioishi na vita haihitaji utangulizi. Swali: nani hayumo kwenye picha? Vita hiyohiyo ilifika kwetu. Force Publique, jeshi la Kongo chini ya Wabelgiji, iliingia Tabora Septemba 1916, na mizigo ya jeshi ilibebwa na wapagazi Waafrika wengi mno. Waulize wazee kama kuna habari za wapagazi katika ukoo wao. Hapo nadharia inayowashughulisha wasomi, ya mambo yaliyoachwa nje ya fremu, itaeleweka bila kutajwa jina.

*La Vie est belle* ya Mwezé Ngangura na Benoît Lamy, 1987. Papa Wemba ni Kourou, mwanamuziki wa kijijini anayekwenda kujaribu bahati Kinshasa, na Mwezé mwenyewe ni mzaliwa wa Bukavu. Angalia jina la mtengenezaji kabla ya kunakili, kwa sababu kwa Kifaransa jina hilohilo limepewa filamu ya Frank Capra ya 1946, nayo ya Noeli, na ile ya Roberto Benigni ya 1997. Swali linatoka kwa Laura Mulvey, Mwingereza aliyeandika mwaka 1975 kwamba sinema nyingi hulazimisha kila mtazamaji amtazame mwanamke kwa jicho la mwanamume. Muulize kila mtu: kamera inapomwangalia Kabibi, msichana anayependwa na Kourou, inaangalia kwa macho ya nani? Waanze kujibu akina mama na wasichana. Wanaume wasubiri zamu yao.

*Tokyo Godfathers* ya Satoshi Kon, 2003. Ni katuni, ila si ya watoto wadogo. Watu watatu wasio na makao wanaokota kichanga kwenye takataka usiku wa Noeli na kuzunguka Tokyo wakimtafuta mama yake. Mji wenye familia nyingi zilizokimbia vijiji vyao utaielewa haraka. Swali: katika hadithi hii bahati huingilia mara nyingi, je, ni uvivu wa mwandishi au ni imani yake?

*Piège de cristal* ya John McTiernan, 1988. Polisi mmoja anapambana na majambazi katika jengo refu usiku wa Noeli. Kila mwaka wapenzi wa filamu duniani hubishana kama hii ni filamu ya Noeli au la. Ubishi huo ni somo kamili la nadharia ya aina za filamu. Swali: filamu inakuwa ya Noeli kwa tarehe yake, kwa hadithi yake, au kwa sababu watu wamezoea kuitazama Noeli? Kabla ya kuichagua, soma kwanza sehemu ya tano.

*La Petite Vendeuse de Soleil* ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, iliyotoka 1999 baada ya kifo chake. Msichana anayetembea kwa magongo anaamua kuuza magazeti mitaani Dakar, kazi iliyoshikwa na wavulana. Ni dakika 45 tu, hivyo inafaa siku ya watoto au siku ambayo betri haina nguvu. Swali kwa watoto: kamera imewekwa juu kama macho ya mtu mzima, au chini kama macho ya msichana?

3. Lipe siku yake swali hili: nani ameshika kamera?

Swali hili linastahili alasiri nzima, hasa kwetu. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yameleta wapiga picha wengi. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200, ilileta wengine. Nyuso za watu wetu zimezunguka dunia, na mara nyingi wenye nyuso hizo hawakuziona filamu zenyewe wala kuulizwa kama zinasema kweli.

Mjadala huu ni wa zamani. Mwaka 1965 Ousmane Sembène wa Senegal alimlaumu uso kwa uso Mfaransa Jean Rouch, mashuhuri kwa filamu alizopiga Afrika Magharibi, kwamba anawatazama Waafrika kama mtu anayechunguza wadudu. Rouch hakuwa adui; alikuwa rafiki wa Waafrika wengi. Lawama ile ilihusu umbali kati ya anayetazama na anayetazamwa, na ndiyo maana bado ina uzito.

Kwa siku hii onyesha *Maman Colonelle* ya Dieudo Hamadi, 2017. Hamadi ni mtoto wa Kisangani. Anamfuata Kanali Honorine Munyole, polisi anayewalinda wanawake na watoto, anapohamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani na kukutana na wahanga wa vita ya siku sita ya Juni 2000 kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda. Hakuna sauti ya mtaalamu inayotueleza la kufikiri. Ukipata nafasi, fuatisha *En route pour le milliard* ya 2020, ambamo wahanga wa vita hiyo wanashuka mto Kongo hadi Kinshasa kudai fidia. Filamu hiyo iliingia katika orodha rasmi ya Cannes mwaka huo.

Baada ya filamu, ligawe swali la siku, nani ameshika kamera, katika hatua tatu: Kamera iko umbali gani na anayelia? Inaondoka lini? Filamu hii inazungumza na nani: na sisi, au na watu wa mbali kuhusu sisi? Kisha linganisha na habari fupi yoyote iliyopigwa mjini kwenu. Utashangaa jinsi watu wasiojali neno nadharia watakavyochambua picha kwa umakini mkubwa, maana wanajua kilichokuwa nje ya fremu.

4. Fanya zoezi moja kwa simu

Vijana huelewa zaidi wakishika kitu mkononi. Karibu mwaka 1920 Mrusi Lev Kuleshov aliunganisha uso uleule wa mwigizaji na picha tofauti: bakuli la supu, jeneza, mwanamke. Watazamaji, inasimuliwa, walisifu jinsi mwigizaji alivyobadilisha hisia, na uso haukuwa umebadilika hata kidogo.

Rudieni jaribio hilo. Piga uso wa jirani aliyetulia, bila kucheka wala kununa, kwa sekunde tano. Kisha piga vitu vitatu: sahani ya bugali na sombe, mtoto aliyelala, na mlango uliofungwa. Jeneza liache, miji hii imezika vya kutosha. Unganisha uso na kila kitu kwa programu yoyote ya bure ya kuhariri video, onyesha vipande vitatu kwa makundi matatu, na uulize kila kundi huyu mtu anahisi nini. Majibu yatatofautiana. Mweleze kijana kwamba hivyohivyo ndivyo video ya uongo inavyotengenezwa: picha ya kweli huwekwa kando ya picha nyingine ya kweli, ikatokea maana isiyo kweli. Kwa kijana anayepokea video za vita kwenye simu kila siku, somo hili lina faida kubwa kuliko sura nzima ya kitabu.

5. Tayarisha umeme, sauti, mvua na usalama

Umeme. Televisheni bapa ya inchi 32 hula takriban wati 50, na spika ya kawaida wati 30. Filamu ya saa mbili itakula karibu wati-saa 160. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ukitumia nusu yake tu ili usiiharibu bado una akiba ya kutosha. Projekta ya taa hula wati 200 hadi 300. Kwa hiyo huenda ikahitaji jenereta, ile tunayoiita groupe, na groupe ina kelele. Iweke nje, nyuma ya ukuta, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake huua ndani ya chumba kilichofungwa.

Mwanga. Kwa ajili ya usalama mtaonyesha mchana, na projekta hufifia kwenye mwanga. Televisheni ni bora. Ukilazimika kutumia projekta, funika madirisha kwa mablanketi na tumia shuka jeupe lililonyooshwa vizuri.

Mvua. Mvua ya alasiri ikigonga bati hakuna atakayesikia neno. Usishindane nayo kwa kupandisha sauti. Simamisha filamu, mfanye mazungumzo ya nusu ya kwanza, kisha muendelee ikipungua. Mtakuwa mmefanya walichofanya Waargentina.

Lugha. Mchague msimuliaji atakayefasiri Kifaransa kwa Kiswahili au Kinande. Tuna mifano jirani: wasimuliaji wa filamu wa Uganda kama VJ Jingo, na DJ Afro wa Kenya, wameifanya kazi hii kuwa sanaa yenye wafuasi wengi. Msimuliaji wako atazame filamu mapema, afasiri yanayosemwa, na anyamaze pale ambapo picha inasema peke yake.

Usalama. Anza saa nane mchana, maliza saa kumi na moja, ili kila mtu afike kwake kabla ya giza la saa kumi na mbili. Fuata saa zilizotangazwa na mamlaka, na mjulishe mkuu wa mtaa mapema. Usionyeshe kamwe filamu yenye risasi usiku au kwa sauti inayotoka nje. Katika mtaa wa Beni jirani hatajua kwamba ni sinema, na watu wanaweza kukimbia wakaumia. *Piège de cristal* itazamwe mchana, kwa sauti ya chini, na majirani wakiwa wameambiwa.

Heshima kwa waliofiwa. Filamu ya Pasolini ina mauaji ya watoto wachanga kwa amri ya Herode. Waambie watu kabla, na waonyeshe mlango ambao mtu anaweza kutokea bila kuulizwa. Kama kuna matanga mtaani, ahirisha.

Haki za wenye kazi. Kwa filamu za Kiafrika, uliza Institut français kuhusu Cinémathèque Afrique, hazina iliyoanzishwa mwaka 1961 inayotoa filamu kwa maonyesho yasiyo ya biashara. Watengenezaji wa Kongo waandikie wenyewe kuomba ruhusa. Barua ya heshima kutoka klabu ya Butembo ni habari njema kwa mtu aliyehangaika miaka mitatu na filamu moja. Huko Goma, kituo cha Yole!Africa kilichoanzishwa na mtengenezaji wa filamu Petna Ndaliko Katondolo kimefundisha vijana wengi kazi ya kamera. Watafute waliopitia huko, huenda mmoja yuko mtaani kwako.

6. Ongoza mazungumzo kama kikao cha nyumbani

Wayira, yaani Wanande, wana kyaghanda, mahali ambapo wazee na vijana hukaa na neno huzunguka kwa zamu. Chukua nidhamu hiyo, na uhakikishe wanawake nao wamekaa ndani ya duara.

Swali la kwanza lisiwe "Je, umeipenda?" Ukianza hivyo, wa kwanza atasema ndiyo na wengine watafuata. Uliza: "Picha gani imebaki machoni pako?" Kila mtu ataje picha moja, bila maelezo, hata mama aliyekuwa akibembeleza mtoto nyuma. Baada ya mzunguko huo tupa swali lenu moja la siku. Waombe wazee faraghani, kwa adabu, waseme mwishoni, kwa sababu mzee akishatoa hukumu kijana hatampinga.

Mtu akitoa jibu, muulize: "Umeona wapi?" Arudi kwenye filamu aonyeshe. Ombi hilo dogo linatosha kutenganisha maoni na uchambuzi. Mwalimu au mwanafunzi wa chuo kikuu akiwemo, mwombe aeleze nadharia kwa dakika tatu, kwa Kiswahili, baada ya wengine kusema. Asipoweza kuieleza kwa Kiswahili kwa mama mwenye nyumba, mwombe airudie hadi aweze, naye atafaidika.

7. Weka daftari

Nunua daftari moja la klabu. Kwa kila filamu andika jina, mtengenezaji, mwaka, swali la siku, na majibu matatu yaliyotofautiana zaidi. Usiandike majina ya watu bila ridhaa yao, hasa wanapozungumzia vita. Mwishoni ongeza swali jipya ambalo hamkulijua kabla ya filamu.

Maswali hayo mapya ndiyo mavuno. Bazin aliandika akiwa na watazamaji wa Paris mbele yake, Solanas na Getino wakiwa na wa Buenos Aires. Hatumjui yeyote aliyeandika akiwa na watazamaji wa Butembo na Beni, watu wanaojua vita, biashara, Ebola, nyimbo za kanisani na filamu za nusu ya dunia zinazopitia mpaka wa Kasindi. Kazi hiyo ni yenu. Mkishafanya Noeli mbili au tatu, pelekeni daftari kwenye chuo kilicho karibu nanyi na muwaombe wanafunzi walisome sambamba na vitabu vyao. Kwa mwaka huu, chagua tarehe kati ya Noeli na Bonane, nakili filamu ya Pasolini, jaza betri, na uwaambie watu saa nane kamili.